Amri ya Nane na Mihadhara ya Chuo Kikuu

Kila Mlutheri aliyepita darasa la kipaimara anazikumbuka Amri Kumi, pamoja na swali la maana yake linalofuata kila amri. Tulizikariri tungali watoto, tukasimama mbele ya usharika miguu ikitetemeka, tukajibu. Amri ya Nane hukataza kumshuhudia jirani uongo. Lakini Dk. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, hakuishia kwenye kukataza. Alifundisha kwamba tunapaswa pia kumtetea jirani, kumnena vema, na kuyaeleza mambo yake kwa namna iliyo njema.

Wengi wetu tunapoisikia amri hii tunafikiri juu ya jirani wa nyumba ya pili: umbea wa dukani, maneno ya kwenye vikoba, ushahidi wa mahakamani. Katika makala hii tunataka kuuliza jambo jingine. Je, msomi au msanii anayesimama jukwaani chuo kikuu na kusema neno linalolichoma Kanisa, naye ni jirani yetu? Na kama ni jirani, Amri ya Nane inatudai nini juu yake?

Swali hili hatukulipata vitabuni. Tulilipata kwa kukosea, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunahudumu katika usharika mmoja jijini Dar es Salaam. Baadhi ya vijana wa usharika ule walikuwa wanasoma Mlimani. Jumatano moja jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, tulikaa na vijana kwa ajili ya neno na maombi. Kijana mmoja, mwimbaji wa besi, akanyosha mkono. Alikuwa ametoka kusikiliza mhadhara wa wazi juu ya vita vya Maji Maji, na daftari lake lilikuwa magotini. Akauliza, "Mchungaji, ni kweli kwamba wakati wa Maji Maji wamisionari wetu walikuwa upande wa wenye bunduki?"

Hatukumuuliza mhadhiri alisema nini. Hatukumwomba afungue daftari. Tulicheka kidogo, tukasema mbele ya wenzake, "Mwanangu, hao wasomi kazi yao ni kuvunja imani za watoto wa watu. Ukiwafuata utarudi hapa huna Mungu." Vijana wengine wakacheka. Yeye akalifunga daftari. Jumapili iliyofuata tukalipandisha jambo lile mimbarini, tukahubiri juu ya hekima ya dunia hii kuwa upuuzi mbele za Mungu. Washarika waliitikia "Amina" kwa nguvu. Tukashuka tukijiona tumelilinda kundi.

Haukupita mwezi, bibi yake akaja ofisini. Ni mama wa Kibena, mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache. Akasema, "Baba Mchungaji, mjukuu wangu haji tena kwenye kwaya. Nikimuuliza anasema hana neno. Sasa naomba nikuulize wewe. Yule mwalimu uliyemhubiri, ulimsikia wapi?"

Tukajibu kwamba hatukumsikia.

"Basi ulimshuhudia mtu usiyemsikia," akasema. "Na mtoto huyu nilimfundisha Amri ya Nane mimi, kabla hajaja kwako." Akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake.

Neno lile lilitukaa moyoni. Tulikuwa tumesoma chuo cha theolojia, tukafundishwa kuchambua maandiko kwa Kigiriki na Kiebrania, lakini amri ya watoto wa kipaimara ilikuwa imetushinda.

Kwa wasomaji ambao hawajafika Mlimani, tueleze kidogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kidogo cha kufundisha sheria. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kinachokipa jina la Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Ndani yake umo Ukumbi wa Nkrumah. Wengi wenu mliuona bila kujua, maana ulichorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500. Wasomi wa historia, falsafa, lugha na fasihi, pamoja na waandishi na wasanii, wamezungumza humo mbele ya watu wa kila namna. Mwaka 2008 chuo kilianzisha Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka 2009 alialikwa Wole Soyinka, mwandishi wa tamthilia kutoka Nigeria aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1986. Katika mihadhara ya namna hii mgeni huzungumza, kisha waliokaa chini hupewa nafasi ya kumuuliza na kumpinga.

Mtu anaweza kusema, mazungumzo ya wasomi yanatuhusu nini sisi washarika? Tuyatazame hayohayo ya Maji Maji. Vita ile ilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, kusini mwa nchi yetu, dhidi ya utawala wa Wajerumani. Makadirio ya wanahistoria hufika watu 300,000 waliokufa, walio wengi wakiuawa na njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Kwa miaka mingi habari za vita ile ziliandikwa zaidi na upande ulioshinda. Wafu waliitwa waasi, na watu waliodanganywa na maji ya mganga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa historia wa Mlimani walikwenda vijijini, wakakaa na wazee walioikumbuka vita ile, wakaandika ushuhuda wao. Mwaka 1969 ikatoka tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, naye ni mtu wa chuo hichohicho, na watu wakamwona jukwaani yule kiongozi wa Maji Maji akiwa binadamu mwenye hofu na mashaka na upendo kwa watu wake.

Ndugu zetu, hiyo ni kazi ya Amri ya Nane. Waliokufa hawawezi kujitetea. Mtu anayetembea mguu kwa mguu hadi kwa mzee wa kijijini ili kusikia upande usiosikika anamtetea jirani aliyesingiziwa, hata kama hajawahi kuishika katekisimo mkononi.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Ukweli haufai kufichwa. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Nyanda za Juu Kusini, wa Misioni ya Berlin, walikuja katika miaka ileile ambayo serikali ya Kijerumani ilikuwa inajenga maboma yake. Kituo cha misioni cha Yakobi, katika nchi ya Wabena, kilishambuliwa mwaka 1905, na kikalindwa kwa bunduki. Hatuna haja ya kuyakana hayo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Mlimani, alitoa mwaka 1972 kitabu chake maarufu juu ya namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, na humo aliwaweka wamisionari katika kundi moja na wapelelezi, wafanyabiashara na askari wa ukoloni. Ni neno zito. Mkristo anaweza kulipinga. Lakini hawezi kulipinga kwa haki kabla hajalisoma.

Wako Wakristo waliowahi kutupa mfano mwema. Mwaka 1970 masista wa Maryknoll walimwalika Mwalimu Nyerere kule New York, naye akawaambia wazi kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Alikuwa Mkristo mwenzao, na alikuwa akilikosoa Kanisa lake mbele ya watawa wake. Wao ndio waliomwalika.

Tukirudi kwenye Maandiko, tunaona kwamba ukumbi wa wasomi si mahali pageni kwa Injili. Matendo ya Mitume sura ya 19 inatueleza kwamba Mtume Paulo alipokataliwa katika sinagogi la Efeso alikwenda kwenye darasa la mtu aitwaye Tirano, akahojiana na watu humo kila siku kwa muda wa miaka miwili. Kuhojiana kuna pande mbili: mtu husema, na mtu husikia. Na kule Athene, katika sura ya 17, Paulo hakuanza kwa kuwatukana. Alikuwa amezunguka mjini, ameyatazama madhabahu yao, na aliposimama Areopago aliyatumia maneno ya washairi wao wenyewe kuwahubiria. Mtu hawezi kutumia shairi ambalo hajalisikia. Waliomsikia wengine walidhihaki, wengine wakaahirisha, lakini Dionisio na Damari waliamini. Tena Bwana wetu mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, alionekana hekaluni ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Injili ya Luka inataja kusikiliza kwanza.

Sisi Walutheri tuna sababu ya ziada. Tunapoadhimisha tarehe 31 Oktoba tunamwona Luther na nyundo yake mlangoni, tukasahau kwamba alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg. Zile hoja 95 za mwaka 1517 zilikuwa mwaliko wa mjadala wa wasomi, na mwanzoni mwake aliwaomba wasioweza kufika wajibu kwa barua. Mwezi Aprili mwaka 1518 alitetea mafundisho yake katika mjadala wa wazi kule Heidelberg. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo mtawa kijana wa shirika jingine, Martin Bucer. Alitoka pale moyo wake umegeuka, na baadaye akawa kiongozi mkubwa wa Matengenezo mjini Strassburg. Kama mkubwa wake angalimwambia asiende kusikiliza, historia yake ingalikuwa nyingine. Kanisa lililozaliwa katika mjadala haliwezi kuwafundisha watoto wake kuogopa mjadala.

Baada ya neno la yule mama, tulimwendea kijana nyumbani. Alitupokea kwa adabu, "Shikamoo Mchungaji," akatuletea kiti. Tulimwomba radhi, kisha tukamwomba atusomee aliyoyaandika siku ile. Akaleta daftari. Mhadhiri alikuwa amesema mambo matatu. La kwanza, kwamba wamisionari waliishi chini ya serikali ya Kijerumani, na wengi wao walitegemea ulinzi wake. La pili, kwamba waliokishambulia kituo cha misioni hawakuona tofauti kati ya misioni na boma. La tatu, kwamba barua na taarifa za wamisionari ni moja ya vyanzo ambavyo wanahistoria huvitumia leo kujua mateso ya njaa iliyofuata, kwa sababu baadhi yao waliyaona na kuyaandika.

Hakuna mahali aliposema hakuna Mungu. Tulikuwa tumehubiri dhidi ya maneno ambayo mtu yule hakuyasema. Yeye aliwatendea wamisionari wetu haki kuliko sisi tulivyomtendea yeye.

Kisha tukamuuliza kijana kwa nini jambo lile lilimgusa hivyo. Akainama kidogo. "Babu yake bibi yangu alibatizwa baada ya vita," akasema. "Bibi anasema nyumba yao yote ilikufa njaa, akabaki yeye, akachukuliwa misioni. Nilitaka kukuuliza kama alimwamini Yesu, au alifuata chakula."

Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya swali lake. Hakuwa anavunja imani. Alikuwa anatafuta mizizi ya imani yake mwenyewe, na sisi tuliyepewa kazi ya kumsaidia tulimchekesha mbele ya wenzake. Tulikaa kimya kitambo. Kisha tukamwambia kwamba hatujui moyo wa mzee yule, lakini tunajua Injili ya Yohana sura ya 6. Watu walimfuata Yesu kwa sababu walikula mikate wakashiba, naye alijua hivyo, akawaambia hivyo. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuwalisha, na kwa watu haohao akasema habari za mkate wa uzima. Huenda mzee yule alifika kwa njaa. Wengi wetu tulifika kwa njaa ya namna moja au nyingine. Mungu haoni haya kuanza na mkate.

Kijana akalifikiri, akasema, "Hilo ningelipenda siku ile, Mchungaji."

Muda si mrefu tukaenda pamoja naye kusikiliza mhadhara mwingine. Siku ile walizungumza mwalimu wa historia na msanii mmoja wa ushairi. Mengi tuliyakubali, machache yalitukera. Lakini lililotufundisha zaidi lilitokea mwishoni. Mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama, akamwambia mhadhiri kwamba amewasahau walimu wa shule za misioni, Waafrika, waliowafundisha watu kusoma hata wakaweza kuandika barua za kudai haki zao. Mhadhiri hakumkatiza. Alichukua kalamu, akaandika, akasema, "Ahsante mzee, hapo nilipunguza." Tukajiuliza: ni lini sisi tulishuka mimbarini mtu akatuambia, hapo ulipunguza, nasi tukachukua kalamu?

Tunajua wako washarika watakaosema kwamba tunafungua mlango wa hatari. Watauliza, vijana wakisikiliza kila sauti, si watapotea? Hofu hiyo tunaiheshimu, maana ni hofu ya wazazi. Ni kweli wako wanaosikiliza na kuiacha imani. Lakini tuliyemkaribia kumpoteza sisi hakupotezwa na mhadhara. Alisikiliza mhadhara akarudi kanisani na swali mkononi. Alichokikimbia ni jibu letu.

Wengine watasema kwamba wasomi nao hulikosea Kanisa. Ni kweli pia. Msomi anayesema kwamba wamisionari walileta bunduki tu, asitaje shule, zahanati, wala lugha zilizoandikwa kwa mara ya kwanza, naye anashuhudia uongo. Amri ya Nane haina upendeleo. Lakini hatuwezi kumdai yeye aishike huku sisi tumeivunja. Akisema uongo tutamjibu kwa yale aliyoyasema, si kwa yale tuliyomtungia.

Wala hatusemi kwamba mimbari iwe jukwaa la chuo. Mhadhiri anaweza kumaliza kwa swali akaenda nyumbani. Mchungaji ametumwa kumtangaza Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, na mtu aliyefiwa jana hawezi kupelekwa nyumbani na swali tupu. Kazi ni mbili. Lakini kusikiliza si kukubali. Tunaweza kusikiliza hadi mwisho, tukakataa hadi mwisho, na bado tukawa tumemheshimu jirani.

Kwa hiyo tunawaomba washarika mambo matatu. Kijana akirudi nyumbani na neno jipya kutoka chuoni, tumwulize kwanza, "Alisema nini hasa?", kabla ya kumwambia tunachofikiri. Tusirudie mimbarini, kwenye jumuiya, wala kwenye simu zetu, maneno ya mtu ambaye hatukumsikia wala kumsoma. Na palipo na nafasi, wazee wa kanisa na wachungaji tuende tukakae kwenye viti vile pamoja na vijana wetu, hata mara moja kwa mwaka. Wao wamekaa kwenye mabenchi yetu tangu wakiwa watoto.

Yule kijana alirudi kwenye kwaya. Tungependa kuandika kwamba mambo yote yalikuwa kama zamani, lakini hayakuwa hivyo. Alituambia siku moja, kwa upole, "Nimekusamehe, Mchungaji. Lakini swali langu nitakuletea ofisini, si mbele ya watu." Hatukumlaumu. Kicheko cha dakika moja kilifunga mlango ambao hatujui kama utafunguka wote tena. Hadi tulipohamishwa usharika ule, alikuwa anakuja ofisini na daftari lake, nasi tulijifunza kuvuta kiti na kusema, "Soma, mwanangu, tunasikiliza."

Mungu aliyetupa masikio mawili na ulimi mmoja atusaidie kumsikia jirani kabla ya kumshuhudia, awe amesimama madhabahuni, sokoni, au katika Ukumbi wa Nkrumah. Amina.